Salfa yangu inapepea kwako, mbu wako wanahamia kwangu

Mwaka juzi mwezi wa nane nilimkamata mbu wa mikorosho, siyo yule wa malaria, kwa mkono wangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nimezaliwa chini ya mikorosho huku Newala, nimeokota korosho toka sijaanza shule, ila nikwambie ukweli sikuwahi kumwona huyu mdudu uso kwa uso, nilikuwa naliona jina lake tu kwenye mabango ya pembejeo. Nilimfunikia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi cha mtoto nikakaa nae kivulini. Mwembamba, miguu mirefu kama nyuzi, vipapasio virefu kuliko mwili wake, na pale mgongoni kasimamisha kitu kama pini, pini kabisa ya fundi cherehani yenye kichwa juu. Na kile chipukizi nilichomtolea kilikuwa na madoa meusi yenye kona kona, yameanza kubonyea ndani, ukilikunja linakatika.

Hayo madoa nayajua toka utoto. Sote tunayajua, sema tulikuwa tunayaita "kuungua". Mti umeungua. Wengine watakwambia ni jua kali, wengine watakwambia mvua ilinyesha vibaya, na marehemu babu yangu alikuwa anasema ni jicho la mtu. Na ukishasema mti umeungua basi dawa ni moja tu, ongeza salfa. Salfa inazuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, haiui mbu. Miaka yote hiyo mama yangu alikuwa anapulizia salfa kwenye tatizo la mdudu, anamwaga hela juu ya mti na mdudu anaendelea kufyonza.

Naandika haya kwa sababu mwezi huu tumefanya kikao cha tatu pale kijijini na watu wa Mtwara mjini wananiuliza sana we dada kila wikiendi unapanda Newala kufanya nini. Nitaeleza kwa kirefu, vumilieni.

Shamba ni la mama, mikorosho 160 na kitu, mingine ya zamani sana imeshikana matawi juu huwezi hata kuona mbingu. Magoti ya mama yalipokataa nikalichukua mimi, nikawa naliendesha kwa simu kutoka dukani kwangu. Natuma hela, mjomba anatafuta vijana wa mashine, wanapulizia, msimu ukifika naenda kuokotesha. Ndo tulivyo wengi, tusifichane. Mashamba mengi ya huku mwenyewe yuko Mtwara, yuko Dar, yuko Masasi, na mti hauna namba ya simu ukakupigia kukwambia naumwa.

Sasa ule mwaka nilipomuona mbu nikapandwa na hasira, nikaenda kwenye duka moja la pembejeo, nikasema nipe ya mbu. Yule muuzaji akanipa dawa akasema hii dada inaua kila kitu. Nikafurahi! Nikawapa vijana, wakachanganya kwa makadirio, kifuniko cha chupa ndo kipimo, wakapulizia asubuhi hiyo hiyo na mikorosho iko kwenye maua tele.

Kesho yake asubuhi jirani yangu wa upande wa mashariki, mzee mmoja ambae mimi namwita babu, anafuga nyuki, ana mizinga yake sita kwenye mikorosho na miembe, akaja nyumbani. Hakupiga kelele. Alikuwa na kitambaa kakikunja kama wanavyokunja wazee hela ya nauli, akakifungua juu ya mkeka mbele ya mama. Nyuki. Wamejikunja, ulimi nje, wengine bado wanatikisa mguu mmoja mmoja. Akasema, "Mwanangu, hawa ndo walikuwa wanakuzalishia korosho." Akakifunga kitambaa chake akaondoka. Mama hakuniangalia mpaka jioni.

Na babu alikuwa sahihi. Ua la mkorosho linahitaji mdudu alifikie, nyuki, nzi, sisimizi, bila hao unabaki na maua mazuri ya kupiga picha. Ile dawa ilisomba wote. Ikasomba na maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani na kuwinda wadudu wengine, ambao kwenye mikorosho minne mitano ya mama walikuwepo toka mimi mdogo. Na mbu? Mbu walipungua wiki tatu hivi. Halafu wakarudi, na waliporudi hawakumkuta askari hata mmoja. Walikuwa wengi kuliko mwanzo.

Walirudi kutoka wapi? Hapo ndo moyo wa hii habari yote ulipo. Kati ya shamba la mama na shamba la babu kuna kipande ambacho hakina mtu. Sisi tunakiita shamba la katikati. Mwenyewe alifariki, watoto wako Dar, wana mambo ya mirathi hayajaisha, basi limekuwa pori, mikorosho imo humo humo inashindana na vichaka, chini ya mti machipukizi yamejaa yamejikinga kwenye kivuli. Yale machipukizi ya ndani ya mti ndo ubwiriunga unapojihifadhi maua yakiwa hayapo, unakaa pale kimya unasubiri. Ikifika mwezi wa sita saba, usiku wa baridi na umande, maua yanaanza kutoka, unga unaruka na upepo unaingia kwako. Na mbu nao hivyo hivyo, wanakula chipukizi laini popote lilipo, hawasomi hati ya kijiji.

Mjomba wangu ana umri wa kukumbuka mambo, akaniambia hii siyo mpya, wewe unaona leo. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna karibu tani 145,000 za korosho, kusini ndo ilikuwa inajulikana dunia nzima. Halafu watu wakahamishiwa kwenye vijiji, mashamba yakabaki mbali, mtu anatembea masaa mawili kufika kwenye mikorosho yake, bei nayo haikuvutia, watu wakaacha kufyeka. Juu ya hapo mwaka 1979 ubwiriunga ukaripotiwa. Kufika katikati ya miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000. Mjomba anasema ulikuwa unaingia shambani maua meupe pee kama yamemwagiwa unga wa muhogo, ukigusa yanadondoka. Ndo ikaja salfa ikatuokoa, hilo nalisema kwa heshima zote, bila salfa ya unga leo tusingekuwa na minada wala nini. Ila nasisitiza pale mwanzo, ugonjwa ulikuta mashamba hayana watu. Shamba lisilo na mtu ni mali ya ugonjwa.

Basi nikaanza kuuliza. Nikaenda TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, hapo pembeni ya Mtwara mjini tu, watu wanapita na bodaboda kila siku hawajui kwamba utafiti wa korosho wa nchi hii moyo wake uko pale. Nikaonyesha kichupa changu. Nikaonyeshwa na yule mwingine, mbu wa minazi, mkubwa kidogo, wa kahawia, huyu machipukizi siyo shida yake kubwa, yeye zaidi anaifuata korosho yenyewe ikiwa changa anaichoma, inasinyaa inakuwa nyeusi, au inakua lakini ukibangua ndani unakuta doa. Hiyo ndo ile korosho inayoshushwa daraja na wewe unabaki kulalamika kwamba umeibiwa. Kumbe uliibiwa mwezi wa tisa ukiwa dukani.

Huyo wa minazi jina lake la kisayansi ndani yake kuna jina la Way, mtafiti Mwingereza aliyefanya kazi Zanzibar miaka ya 1950. Alikuwa anaangalia kwa nini minazi mingine inadondosha nazi changa na mingine haidondoshi. Minazi yenye maji moto ilikuwa salama! Yaani hili jambo linajulikana kwenye pwani hii kabla mama yangu hajaolewa. Na miaka ya karibuni watafiti wa Naliendele na wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, wakawafanyia kazi hao hao maji moto kwenye mikorosho na miembe, wakaona mti wenye maji moto wa kutosha mbu wanaushambulia kidogo. Sasa mimi nimetumia hela yangu kununua dawa ya kuua askari wangu wa bure.

Niliumia. Ila kitu kilichoniumiza zaidi ni kwamba hata ningewarudisha maji moto wote leo, vijana wa jirani wakipulizia dawa kali kesho upepo unaleta. Huku juu kwenye nyanda za Makonde tunapulizia salfa ya unga kwa sababu maji ni shida toka enzi na enzi, dawa ya kuchanganya na maji unaifanyaje wakati ndoo ya kunywa yenyewe unanunua? Unga basi. Na unga unapepea. Alfajiri ukisimama kwenye kilima pale shuleni wakati wa kupulizia unaona mawingu ya njano yanatoka kwa huyu yanalala kwa huyu. Ndo maana wanapulizia alfajiri, upepo umetulia na umande upo unaishika salfa kwenye maua. Nusu ya salfa yangu inamtibu jirani, na jirani asipopulizia ukungu wake unanirudia. Mashamba ni madogo, yamebanana. Kupulizia kila mtu siku yake anayojisikia ni kama watu wa nyumba moja kila mmoja anatupa taka dirishani kwa zamu.

Kwa hiyo nikamwendea babu wa nyuki. Nilienda na kilo mbili za sukari na mama akanifuata nyuma polepole na fimbo yake. Niliomba radhi. Baada ya kimya kirefu babu akasema, sawa, lakini ukitaka hili jambo likae vizuri usiongee na mimi, waite wapulizaji.

Wapulizaji! Kweli kabisa, hakuna mtu aliyewahi kuwaita wale vijana kwenye kikao chochote. Mafunzo yakija wanaitwa wakulima, yaani wenye shamba, wanapewa daftari na soda. Lakini mwenye shamba hashiki mashine. Mwenye kushika mashine ni kijana wa miaka ishirini na mbili aliyeibeba mgongoni inanguruma, analipwa kwa mti, kwa hiyo akikimbia ndo anapata, na yeye ndo anajua kila shamba la kijiji kuliko afisa yeyote kwa sababu anayapita yote alfajiri.

Kikao cha kwanza tulifanya chini ya mwembe pale ghala la AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika, Ijumaa baada ya swala, mwaka jana mwezi wa nne. Alikuja afisa ugani wa kata, viongozi wa chama cha msingi, mtu mmoja kutoka Naliendele, mwenyekiti wa kijiji, wauza dawa wawili, wafuga nyuki watatu, kina mama wengi, na wapulizaji saba. Walikaa nyuma kabisa kwenye mizizi. Nakumbuka kijana mmoja kati yao macho yake mekundu, siyo ya uraka, pombe ya mabibo, ni salfa, inawasha macho vibaya, na barakoa yake ni kipande cha kanga.

Saa nzima ya kwanza ilikuwa lawama. Wakulima wanasema pembejeo mwaka uliopita zilichelewa, maua yameshafunguka ndo salfa inafika, na salfa ni kinga, ukichelewa umechelewa, haifufui ua. Viongozi wanasema orodha za wakulima hazikuwa sahihi, mtu ana miti 40 anaandika 200. Wauza dawa wanasema sisi tunauza kile mnachoomba. Wafuga nyuki wamenyamaza tu. Nikaanza kujiuliza nimewaitia nini hawa watu.

Halafu yule kijana wa macho mekundu akainua mkono, akaulizwa una nini, akasema, "Mimi nikiingia shambani naona kama kuna mbu au hakuna. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza. Naambiwa pulizia, napulizia."

Kimya.

Mtu wa Naliendele akamuuliza unaonaje, akaeleza, vizuri kuliko vile ninavyoeleza mimi hapa, doa bichi linavyotoa utomvu na doa la zamani lilivyokauka, kwamba doa bichi maana yake mdudu yupo sasa hivi, doa kavu maana yake alishaondoka na wewe unapulizia kivuli. Kina mama wakacheka kwa kushangaa. Kutoka hapo kikao kikageuka kuwa kikao kweli.

Tulichokubaliana siyo kikubwa. Tuligawa mashamba ya upande wetu kwa mafungu, mashamba yanayopakana yanakuwa fungu moja, na fungu moja linapulizia salfa asubuhi moja au asubuhi mbili zinazofuatana, siyo huyu leo na huyu baada ya wiki mbili. Wapulizaji wawili wanalipwa na fungu, hela kidogo tu ya kuchangishana, wanapita kila wiki kukagua, wanachagua miti huku na huku siyo ile ya barabarani tu, wanaangalia machipukizi na maua, wanarudi na idadi. Dawa ya wadudu haipigwi mpaka idadi iseme. Ikibidi kupiga, tunapiga pale walipo, siyo shamba zima, na mfuga nyuki anaambiwa siku moja kabla ili afunike mizinga yake au aihamishe. Na chupa lazima iwe na lebo inayosomeka na namba ya usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya 2020, hakuna tena kununua kitu kimemiminwa kwenye chupa ya maji. Muuza dawa mmoja hakupenda. Mwingine alisimama akasema ye yuko tayari kumuuliza kila mteja ni mdudu gani kabla hajatoa dawa, na mpaka leo anauliza, nimemsikia mwenyewe.

Halafu mbaazi. Uwiii, mbaazi ilitaka kuvunja kila kitu.

Afisa ugani alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba mbu wa mikorosho anaishi vizuri tu kwenye mbaazi, kwa hiyo msichanganye mbaazi na mikorosho, ondoeni. Ni kweli mbaazi inamlisha yule mdudu, na mapera vilevile. Lakini angalia alikuwa anaongea na nani. Korosho inauzwa na chama, hela inaingia kwenye akaunti ya mwenye shamba, ambae mara nyingi ni baba au ni mjomba. Mbaazi ni ya mama. Mbaazi ndo daftari, ndo chumvi na mafuta ya taa miezi ambayo korosho haipo, na inaoteshwa pale chini ya mikorosho kwa sababu hapo ndo mama amepewa pa kulima. Mama mmoja akasimama, shangazi yangu kwa ukoo, akasema nyie mnataka kumtibu mdudu kwa njaa yangu. Hakukaa chini. Alisimama mpaka akajibiwa.

Na hili ndo ninalotaka watu walielewe, wale wanaoandika miongozo na wale wanaotuma hela kutoka mbali. Shauri linaweza kuwa sahihi kwa mdudu likawa baya kwa mtu, na likiwa baya kwa mtu halitafuatwa, mdudu atabaki. Tulibishana mpaka jua linazama. Mwisho wake wakapewa kina mama kipande cha chama kilichokuwa wazi upande wa bondeni, mbali na mikorosho, wakalime mbaazi kule, na waume wakakubali mbele ya watu kwamba chini ya mikorosho kina mama waendelee na karanga na kunde. Siyo wote waliohamia. Karibu nusu. Nusu ingine bado wana mbaazi chini ya mikorosho na wakaguzi wanaanza ukaguzi wao hapo hapo kwenye hizo mbaazi, maana ndo mbu wanaonekana mapema. Nadhani hiyo ni bora kuliko kung'oa kwa nguvu.

Karanga zenyewe zina neno lake. Salfa ikidondoka chini mwaka baada ya mwaka inaongeza tindikali kwenye udongo, na udongo wetu wa kichanga tayari una tindikali, kwa hiyo kuna mipaka ya kumwaga salfa tu kwa sababu ya bure au ya ruzuku. Robo kilo kwa mti mkubwa kwa awamu moja inatosha, lakini watu wanapiga mpaka mti unakuwa wa njano wanaona ndo kazi. Hilo bado tunapambana nalo.

Msimu uliopita ulikwendaje? Sitatia chumvi. Fungu letu maua yalishika vizuri, ubwiriunga ulikuwepo lakini kidogo, dawa ya wadudu nilipiga miti 31 tu kati ya yote, mwaka wa nyuma nilipiga yote mara mbili. Fungu la kule juu lilivunjika mapema, wawili waligombana kwa hela ya wakaguzi, kila mtu akarudi kupulizia anavyojua. Mvua na baridi navyo vina nafasi yake, msimu mmoja hautoshi kumwambia mtu chochote, lakini mimi mwenyewe naendelea.

Nyuki wa babu wamerudi kwenye mizinga minne. Miwili bado mitupu.

Maji moto tumewarudisha wenyewe na hii kazi nimeipenda kuliko zote. Unakata kiota asubuhi mapema kukiwa na baridi wakiwa wamezubaa, unatia kwenye mfuko haraka, unafunga, unakipeleka kwenye mti mwingine unakining'iniza. Wanauma, ndio, usiende na kaptula. Huku kwetu korosho tunasubiri idondoke tunaiokota chini, kwa hiyo kuumwa siyo kisingizio kikubwa kama kwa mwenye miembe. Shida ni wale sisimizi wadogo wa kahawia wa ardhini, wanapanda na kuwafukuza maji moto, na shida nyingine ni kwamba maji moto wa ukoo mmoja hawataki wa ukoo mwingine. Ukitaka kufunga kamba kutoka mti mpaka mti wapite, lazima uwajaribu kwanza.

Babu ndo alinifundisha. Tulisimama kwenye mpaka, yeye akachukua wachache kutoka mkorosho wangu kwa kijiti akawaweka kwenye shina la mkorosho wake. Mara ya kwanza walikamatana papo hapo, wakavutana miguu, mmoja akakatwa, wengine wakaja mbio kutoka juu na matako wameyainua. Babu akasema hawa siyo ndugu, hapa kamba hapana. Tukasogea mti wa tatu. Tukaweka. Wakakutana, wakapapasana vichwani kidogo, huyu akapita huku na huyu akapita kule kama watu wanaopishana njia ya kisimani. Babu akatoa kamba ya katani mfukoni, alikuwa nayo muda wote, akafunga upande wake, mimi nikafunga upande wangu. Kabla sijamaliza fundo tayari mmoja alishaanza kutembea juu yake.

Lililobaki ni lile shamba la katikati. Mwaka jana tulilipita pembeni, tukapulizia huku na huku, lenyewe likabaki kama lilivyo, na wakaguzi wetu kila wiki wakirudi kutoka upande ule idadi inapanda. Kikao cha mwezi huu kilikuwa juu ya hilo peke yake. Kuna waliosema tuingie tu tufyeke, kijiji kina haki, mwenyekiti akakataa, akasema ukiingia kwenye mali ya mirathi bila ruhusa kesho mnafikishana mahakamani, na ni kweli, huku ardhi ya ukoo siyo ya kuchezea. Nikapewa mimi kazi ya kuwatafuta wale watoto kwa kuwa mimi ndo niko mjini. Nilipata namba ya dada yao mkubwa kupitia kwa mtu wa kanisani kwao. Nikampigia mara tatu hapokei, mara ya nne akapokea, akadhani nataka kununua shamba, akakata. Nikamtumia picha. Sikuandika maneno mengi, nilimtumia picha ya mkorosho wa baba yake uliozungukwa na vichaka, na pembeni yake picha ya maua meupe ya ubwiriunga, na picha ya shamba la mama lilivyo upande wa pili wa mpaka.

Akapiga yeye usiku saa nne. Tuliongea karibu saa nzima, sehemu kubwa aliongelea baba yake. Kumbe baba yake ndo alipanda ile mistari, na yeye akiwa mtoto ndo alikuwa anamwagilia miche kwa kopo maji yakiwa ya kununua. Hakuwa anajua shamba limefika pale. Akasema mirathi haijaisha na hawezi kuamua peke yake kuuza wala kukodisha, lakini kufyeka na kupogolea hakuna ndugu atakayekataa, akaongea nao, wakakubali kwa maandishi, ujumbe wao umesomwa mbele ya mwenyekiti. Ametuma hela ya vijana sita kwa siku mbili na ameomba kitu kimoja, mkorosho ulio karibu na kaburi la baba yake usikatwe tawi kubwa.

Mvua zimekata. Maua yako njiani. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunaingia na mapanga, tunaanzia upande wa babu, tunatoa yale machipukizi ya ndani mti mmoja mmoja, na mkorosho wa kaburini nimeshaufunga kitambaa chekundu vijana wasiusahau.